Meno ya Bure ya Sindeni

Grasiana hakujua kwamba ameungua mpaka alipoliona lengelenge. Alikuwa ameinua kalibu ya chuma kutoka kwenye sufuria inayotokota, akaifuta plasta kwa kidole gumba, akaiweka mezani, na hapo ndipo alipoona ngozi ya kidole imefura na kuwa nyeupe kama ugali ambao haujaiva. Hakusikia kitu. Alilibonyeza lengelenge kwa ukucha. Bado hakusikia kitu.

Alilifunga kitambaa, akaendelea na kazi.

Karakana ya meno bandia ya Daktari Habakuki ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, mtaa wa Manundu, Korogwe. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilizibwa na kabati la Daktari lililokosa mahali pengine pa kukaa. Feni ya kuvuta harufu ilikuwepo. Ilinunuliwa mwaka juzi, baada ya Grasiana kuanguka kwa kizunguzungu juu ya meza. Habakuki aliifunga chumba cha mbele, kwenye mapokezi, kwa sababu huko ndiko walikokaa watu wanaostahili upepo.

Habakuki hakuwa daktari. Alisomea kitu fulani Tanga kwa miezi tisa, akarudi na koti jeupe na kipimo cha kusikilizia moyo, akakivaa shingoni kila siku, ingawa hakuna jino lililowahi kuwa na moyo. Meno yote yaliyotoka pale kwa jina lake yaliumbwa na Grasiana.

Vidole vya Grasiana vilikuwa vimeliwa na kimiminika kisicho na rangi, chepesi kama maji, chenye harufu kali ya utamu inayopanda puani na kukataa kutoka. Mafundi hukiita monoma. Ukikichanganya na unga wake wa waridi unapata donge kama la maandazi. Donge hilo hushindiliwa ndani ya kalibu, hupikwa, nalo hugeuka ufizi mgumu wa kushikilia meno. Grasiana alifundishwa kazi hiyo katika hospitali ya misheni na fundi mmoja mzee aliyeitwa Fabiani, mtu asiyecheka, ambaye alimpiga kofi mkononi siku alipomwona anakoroga bila glavu nene.

"Hiki hakina adabu," Fabiani alimwambia. "Kinapenya glavu nyembamba kama vile hukuvaa kitu. Kinaweka mkono ganzi. Kinashika moto haraka kuliko unavyodhani, kama petroli. Kiweke kwenye chupa ya kahawia, mahali pa baridi, dirisha wazi. Na ukishakishindilia, kipike. Moto mdogo, muda wa saa nane, halafu kichemke saa nzima. Kikiiva ni jiwe, hakimdhuru mtu. Kisipoiva, kile kilichobaki hakijaungana na unga kinatoka kidogo kidogo, kinamng'ata aliyekivaa."

Pale kwa Habakuki monoma ilikaa kwenye chupa za maji ya kunywa, zimepangwa mstari hatua mbili kutoka kwenye jiko la gesi. Chupa za kahawia alisema zinatia kiza. Glavu zilikuwa zile nyembamba za kupimia wagonjwa. Grasiana alikuwa ameomba nene mara nne. Mara ya nne Habakuki alimwangalia mikono, ngozi imepasuka kwenye viungo vya vidole kama ardhi ya kiangazi, akasema, "Paka mafuta. Mwanamke gani wewe hujui mafuta?"

Siku ile ya lengelenge, Habakuki aliingia karakana, jambo ambalo alilifanya kwa nadra kwa kuwa harufu ilimkera. Nyuma yake alikuwa mwanaume mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Huyo alikuwa Muhsin, katibu wa mtu ambaye wote walimwita Mheshimiwa, ingawa uheshimiwa wenyewe alikuwa bado anautafuta. Alikuwa ametia nia ya ubunge.

"Huyu ndiye?" Muhsin aliuliza, leso puani.

"Ndiye anayenisaidia," alisema Habakuki. "Grasiana, tuna jambo kubwa. Mheshimiwa anawapa wazee wa Sindeni meno. Bure. Wazee sitini. Mpango unaitwa Tabasamu la Wazee."

Grasiana alifurahi. Aliona aibu baadaye kukumbuka hilo, lakini alifurahi kweli. Aliwaza wazee sitini wakitafuna.

"Lini?"

"Alama za fizi zimeshachukuliwa, zipo kwenye gari. Jumamosi ijayo tunakabidhi."

Ilikuwa Ijumaa. Grasiana alitazama kalibu zake sita na sufuria yake moja.

"Daktari, haiwezekani. Kila mpiko, na kupoa kwake, unachukua siku nzima. Sita kwa siku, siku nane, hata nisipolala ni arobaini na nane tu. Na bado sijapanga meno kwenye nta, sijasugua, sija..."

"Umesikia hesabu hiyo?" Habakuki alimgeukia Muhsin, akitabasamu. "Mkonge umetupa maprofesa."

Babu na bibi za Grasiana waliletwa Korogwe kukata mkonge. Habakuki hakusahau kulitaja hilo kila alipopata nafasi.

"Chemsha dakika ishirini, moto mkali," alisema. "Toa, ingiza nyingine. Na unga usiumalize, ongeza maji yake, donge litajaa."

"Ikizidi monoma na moto ukawa mfupi, haitaiva. Itawaunguza vinywa."

"Vinywa vya nani?" Habakuki aliuliza, na alionekana kweli anataka kujua. "Wale wazee wanatafuna tumbaku tangu utoto. Wanameza uji unaochemka. Kinywa cha mzee wa Sindeni ni ngozi ya ngoma, mama. Usiwafanye watalii."

Muhsin alicheka ndani ya leso.

Grasiana alichemsha dakika ishirini. Siku mbili za kwanza alidanganya, akaacha kalibu sufuriani muda wa saa mbili, tatu, mpaka Habakuki alipoanza kuweka saa ya simu yake ilie na kuja mwenyewe kuzima jiko. Grasiana alikuwa na mama aliyelala kitandani mwaka wa tatu, mgongo umeisha kwa kubeba mizigo ya katani. Kazi nyingine ya meno Korogwe nzima hakuna ambaye angempa, kwa kuwa hakuwa na cheti. Habakuki alimwahidi kumwandikisha kwa mitihani tangu mwaka wa kwanza. Sasa ulikuwa wa kumi na moja.

Meno yalipotoka yalikuwa na vitundu vidogo ndani ya waridi, kama mkate. Aliyanusa. Yalinuka vilevile kama chupa.

*

Grasiana, Habakuki na Muhsin walifika Sindeni saa nne asubuhi. Wazee walikuwa wameambiwa saa moja. Walikaa kwenye viti vya plastiki juani, kwa sababu turubai moja lililokuwepo lilipigwa upande wa wageni. Muziki ulilia mpaka saa sita, alipofika Mheshimiwa. Alihutubia kuhusu meno kwa muda ambao mtu mwenye meno angeweza kumla mbuzi mzima.

"Mzee asiye na meno ni aibu ya taifa," alisema, na wazee walipiga makofi kwa aibu ya taifa.

Kazi ya Grasiana ilikuwa kuyavalisha. Alipita mstari kwa mstari na beseni, akiyasugua pale yalipobana. Bibi mmoja, jina lake Mashavu, mkulima wa mahindi na mbaazi, mwembamba, macho makali, alishika mkono wake kabla hajayaingiza.

"Mkono wako umekuwaje, mwanangu?"

"Kazi, bibi."

"Kazi hii ya meno?"

"Ndiyo."

Bibi Mashavu aliyatazama yale meno meupe na ufizi wake wa waridi, kisha akautazama tena ule mkono. Akafungua kinywa. Yalikaa vizuri. Grasiana alikuwa fundi, hilo halikuwa na ubishi. Bibi aligonga juu kwa chini, akasikia mlio, akacheka kama msichana. Halafu akakunja uso.

"Yanawasha. Kama nimelamba pilipili."

Grasiana aliinama kama anayerekebisha.

"Bibi, nisikilize. Ukifika nyumbani yavue. Yaloweke kwenye maji, badilisha maji kila siku, wiki mbili. Usiyavae kabla. Mwambie na jirani yako."

"Mbona hamkuyaloweka ninyi?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Muhsin alikuwa ameshika kipaza sauti. "Wazee wangu, hakuna kuvua! Picha bado. Na kila mmoja atapewa hindi la kuchoma, tunataka ulimwengu uwaone mnatafuna. Na mkifika nyumbani msivue, mpaka kinywa kizoee. Daktari ndivyo alivyosema. Siyo Daktari?"

Habakuki, chini ya turubai, aliitikia kwa kichwa, kwa uzito wa kitaalamu.

Wazee sitini walitafuna mahindi juani. Wengine machozi yaliwatoka. Mpiga picha alipenda sana machozi yale.

*

Siku ya kumi na mbili, Rukaya alifika Manundu. Alikuwa binti wa Bibi Mashavu, mwanamke wa makamo, na alikuwa ametoka Sindeni kwa basi la kwanza. Alifungua fundo la khanga juu ya meza ya mapokezi, mbele ya Habakuki na wateja wawili. Meno ya mama yake yalikuwa ndani.

"Mama hali chakula," alisema. "Kinywa chote kimevimba, fizi zimechubuka, zinatoa maji. Uji haupiti. Jirani yetu Mzee Ukasha naye midomo imefura mpaka haifungi. Nimehesabu nyumba kumi na saba. Nataka kujua mmetuwekea nini."

Habakuki hakuyagusa. Aliyasogeza pembeni kwa ncha ya kalamu.

"Mama yako anapiga mswaki?"

"Anapiga mswaki gani, hana meno!"

"Unaona? Uchafu. Fizi za kijijini zina vijidudu. Tumewapa kitu cha kisasa, nyie mmekipeleka kwenye uchafu. Asukutue maji ya chumvi." Akawageukia wateja. "Ndiyo shukrani hiyo. Vya bure vina matatizo."

Grasiana alikuwa mlangoni mwa karakana. Alikuwa amesikia yote. Alitaka kurudi ndani, na mguu mmoja ulikuwa umekwisha kurudi.

"Hayakuiva," alisema.

Feni ilizunguka.

"Hayakuchemshwa inavyotakiwa," Grasiana alisema tena, akimtazama Rukaya na si Habakuki. "Ile dawa yake imebaki ndani mbichi, ndiyo inayowaunguza. Si uchafu. Mama yako si mchafu. Wote wayavue leo hii, na wenye kuvimba waende hospitali, waseme ni monoma. Mimi ndiye niliyeyapika. Niliambiwa dakika ishirini."

Rukaya aliyafunga tena meno ndani ya khanga.

"Uliambiwa na nani?"

Grasiana alinyoosha kidole kilichofungwa kitambaa. Hakukuwa na haja, wote walijua.

*

Walimwita Grasiana kesho yake, mapokezi palepale, mlango umefungwa. Muhsin alikaa kwenye kiti cha Habakuki, Habakuki akakaa kwenye kiti cha mteja, Grasiana akaachwa amesimama. Mezani kulikuwa na chai na vitumbua. Vikombe vilikuwa viwili.

Grasiana alikuja na karatasi. Ilikuja ndani ya boksi la dumu la monoma miaka ya nyuma, akaitunza kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa ameisoma kwa kamusi, neno kwa neno, mpaka akaikariri. Aliiweka mezani.

"Imeandikwa hapa. Namna ya kuihifadhi, namna ya kuipika, glavu za aina gani. Inasema ikigusa ngozi mara kwa mara mtu anaweza kupata madhara ya kudumu. Inasema chumba kiwe na hewa."

Muhsin aliiokota.

"Hii ni Kiingereza."

"Ndiyo."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"La saba." Akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe chake kilichokuwa kinadondosha chai. "Una cheti cha kutengeneza meno?"

"Sina. Daktari aliahidi..."

"Nimeuliza, una cheti?"

"Sina."

"Kwa hiyo mtu asiye na cheti, mwenye darasa la saba, ametengeneza vifaa vya tiba, ameweka kwenye vinywa vya wazee sitini, wameumia. Na amekiri mwenyewe mbele ya mashahidi watatu." Alikata kitumbua katikati. "Unajua hicho kinaitwaje kwa sheria? Mimi sijui, lakini polisi wanajua."

"Nilifanya nilivyoagizwa."

"Kuna maandishi?"

Habakuki aliona chai yake inapoa, akainywa.

"Sikiliza, dada," Muhsin alisema, sauti imekuwa laini. Ulaini wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Mheshimiwa hana ugomvi na wewe. Mheshimiwa hata hakujui. Andika tu kwamba ulikosea vipimo kwa kutokuelewa, Daktari hakuwepo, na unaomba radhi. Yanaisha. Mama yako amelala kitandani, sivyo? Nani atamgeuza ukiwa mahabusu?"

Barua ilikuwa imeshachapwa. Jina lake liliandikwa Grace. Alisema jina si lake. Muhsin alimwambia asahihishe kwa kalamu basi, kama anaona ni jambo la maana. Alisahihisha. Akatia saini. Kalamu ilimteleza mara mbili, Habakuki akatoa mguno wa mtu aliyecheleweshwa.

Alipouliza kama arudi kazini Jumatatu, wote wawili walimtazama kwa mshangao wa kweli.

Siku tatu baadaye simu yake ililia. Alikuwa Rukaya.

"Wamekuja Sindeni leo. Wametusomea barua yako kwenye kipaza sauti."

Grasiana alisogea mbali na kitanda cha mama yake.

"Mama ameisikiliza yote. Akaniuliza, huyu si yule aliyeniambia niyaloweke? Nikamwambia ndiye. Akasema basi wamemtisha." Rukaya alivuta pumzi. "Mimi si mwema kama mama. Ulisema kweli mbele yangu, nikaipeleka kweli yako kijijini, nikaapa nayo. Halafu ukaandika uongo. Sasa hata kinywa cha mama yangu kimekuwa cha uongo."

"Mama anaendeleaje?"

Simu ilikatika, au ilikatwa.

*

Mwezi uliofuata gari la matangazo lilipita Manundu. Tabasamu la Wazee lilikuwa linapanda Kwashemshi. Gari lilitangaza daktari yuleyule, fundi mpya mwenye sifa, na wazee mia moja na ishirini. Alama za fizi zingechukuliwa kesho yake, na makabidhiano yangekuwa ndani ya siku kumi.

Grasiana alikodi pikipiki. Kwenye njia ya mlimani alipanga maneno yake, akayapanga upya. Safari hii hangesema na wakubwa. Angesema na wazee wenyewe.

Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa. Mstari ulianzia golini, ukapinda, ukafika kwenye mihogo ya watu. Alianza kutoka nyuma, akiinama kwa kila mmoja, akiamkia, akionyesha mikono yake. Wengi waligeuza nyuso. Wengine walikuwa wamekwisha kusikia habari za Sindeni, na walikuwa wamesikia pia kwamba mhusika alikiri na kufukuzwa. Kwa hiyo tatizo lilikwisha.

Karibu na mbele alisimama mzee mrefu mwenye koti la marehemu fulani, mabega yanapwaya. Aliitwa Mzee Yordani. Alimsikiliza Grasiana mpaka mwisho, kwa adabu, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Wewe una meno mangapi?"

"Mimi?"

"Wewe."

"Yote, mzee."

"Yote." Mzee Yordani alitikisa kichwa polepole. "Mimi sina hata moja. Mwaka wa saba huu. Nyama naimeza kama chatu. Mahindi nasagiwa kama kifaranga. Kanisani nilikuwa nasoma somo, nimeacha, watoto walikuwa wananiigiza nyuma. Na wewe mwenye yote umepanda mlima huu kuja kuniambia nisichukue."

"Yataunguza, mzee. Nayajua."

"Yaniunguze. Kuna mwingine anayeleta?"

Upepo ulipeperusha turubai. Grasiana alikuwa na karatasi yote kichwani, neno kwa neno, na ndani yake hamkuwa na jibu la swali hilo.

"Basi," mzee alisema, bila hasira.

Mtu mwenye orodha aliita jina lake. Mzee Yordani alijiweka sawa, akafunga kifungo cha koti, akampa Grasiana fimbo yake, kama mtu ampavyo aliye karibu.

"Nishikie."

Akaenda taratibu mpaka kwenye kiti, akakaa, akaegemeza kichwa nyuma. Fundi mpya, glavu nyembamba mikononi, alikuwa bado anakoroga uji wa kuchukulia alama za fizi, hata hajamwambia kitu, mzee akafungua kinywa.

"Panua zaidi," fundi alisema.

Akapanua.